Joto la Chini ya Miguu: Jinsi Reykjavík Ilivyoachana na Makaa ya Mawe

Mkazi wa Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, anapohamia nyumba mpya haulizi kuhusu jiko la kupasha nyumba moto wala tangi la mafuta. Bomba la maji ya moto linaingia nyumbani kwake kutoka barabarani, sambamba na bomba la maji baridi, na mita inahesabu ujazo aliotumia. Maji hayo yanazunguka ndani ya redieta zilizo chini ya madirisha, na nje theluji inaweza kufikia magoti bila mtu kuvaa koti sebuleni. Nchi nzima, nyumba tisa hivi katika kila kumi zinapata joto kwa njia hii.

Wageni wengi wanaosikia habari hizi husema kwamba Iceland ina bahati: kisiwa kimekaa juu ya volkano, basi watu wake wamejaliwa. Jibu hilo linaacha swali kubwa zaidi. Joto lilikuwapo tangu siku ambayo mtu wa kwanza alishuka pwani, lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja watu waliishi juu yake wakitetemeka. Kilichobadilika katika karne ya 20 hakikuwa ardhi. Kilichobadilika ni nani alikubali kubeba gharama ya kuchimba, na hasara pale kisima kilipotoka kitupu.

Karne kumi za baridi

Iceland iko mahali ambapo mabamba mawili ya gamba la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka. Ni ufa wa jamii moja na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na ndiyo maana msomaji anayejua chemchemi za Maji Moto kule Manyara au Narok, au mvuke wa Ziwa Bogoria, hatashangazwa na mandhari ya huko. Maji ya mvua na theluji huzama kwenye nyufa, hukutana na mwamba wenye moto, kisha hurudi juu yakichemka.

Walowezi kutoka Norway walifika karibu na mwaka 874. Walikuta misitu ya mibetula, wakaikata kwa kuni, kwa mkaa wa kufulia chuma na kwa malisho ya kondoo. Katika karne chache miti ikakaribia kwisha, na haikurudi. Nyumba zao zilikuwa za mapande ya udongo wenye nyasi, zimezama nusu ardhini. Watu wa nyumba nzima walilala chumba kimoja, na mahali pengine mifugo ililala chini yao ili pumzi zake zipande. Walichoma samadi ya kondoo iliyokaushwa, udongo wa kinamasi uliokatwa na kuanikwa, na magogo yaliyoletwa na bahari.

Chemchemi zilitumika kwa kuoga, kufua na kupikia. Mwandishi na mwanasiasa Snorri Sturluson, aliyeuawa mwaka 1241, alikuwa na bwawa la kuogea la maji ya moto nyumbani kwake Reykholt, nalo lipo mpaka leo. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuhamisha joto hilo kutoka chemchemi hadi kitandani. Mashamba yalikuwa mbalimbali, chuma kilikuwa ghali, na maji yakisafiri mbali ndani ya mfereji wazi hufika yakiwa baridi. Mtu mmoja peke yake, hata tajiri, hakuwa na sababu ya kulaza bomba la kilomita nyingi kwa ajili ya chumba kimoja.

Mizigo ya Laugardalur

Kabla ya wahandisi kulijua bonde la Laugardalur, wanawake wa Reykjavík walikuwa wanalijua kwa uchovu wa migongo yao. Bonde liko takriban kilomita 3 kutoka katikati ya mji wa zamani, na ndani yake kulikuwa na chemchemi zenye maji karibu ya kuchemka. Mjakazi alitoka alfajiri na mzigo mgongoni: nguo za nyumba nzima, ndoo, ubao wa kufulia, sabuni na chakula cha siku. Akafua kutwa, akarudi jioni na mzigo uleule, safari hii ukiwa umelowa. Majira ya baridi njia ilikuwa barafu na matope. Baadhi yao waliteleza wakatumbukia katika maji yanayochemka na kufa kwa kuungua. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 20 vyuma vya kukinga vikawekwa juu ya chemchemi.

Katika miaka ya 1880 mji ulianza kujenga barabara kuelekea huko, na moja ya sababu ilikuwa kuwapunguzia wanawake hao taabu. Barabara hiyo, Laugavegur, sasa ndiyo mtaa mkuu wa maduka. Napenda kuiweka wazi katika historia hii, kwa sababu vitabu vya uhandisi huanza na keekee ya kwanza. Ukweli ni kwamba fedha ya kwanza ambayo umma wa Reykjavík uliitumia ili kufikia jotoardhi ilikwenda kwenye njia ya wafuaji nguo.

Moshi na njaa ya makaa

Mwishoni mwa karne ya 19 Reykjavík ilianza kukua kwa uvuvi na biashara. Nyumba za mbao na mabati, baadaye za zege, zilichukua nafasi ya zile za udongo, na nyumba hizo hazikukalika bila moto. Makaa ya mawe yakaanza kuletwa kwa meli kutoka Uingereza. Kila paa likaota bomba la moshi. Katika picha za mji za miaka ya 1930, siku isiyo na upepo, wingu jeusi limetanda juu ya paa.

Katikati ya mazoea hayo mapya mkulima mmoja alifanya jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Mwaka 1908 Stefán B. Jónsson wa Suður-Reykir, eneo la Mosfellssveit nje ya mji, alilaza bomba kutoka chemchemi ya shamba lake hadi nyumbani, akapasha vyumba moto. Miaka michache baadaye mkulima wa Borgarfjörður akafanya hivyo kwa mvuke. Majirani wakaona kwa macho yao kwamba nyumba inaweza kupata joto bila kuchoma kitu chochote.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Meli zikawa chache, bei ya makaa ikapanda mara kadhaa, na Januari 1918 kisiwa kikapigwa na baridi ambayo Waiceland bado wanaitaja kama kipimo cha baridi zote. Mjini Reykjavík kipimajoto kilishuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na bandari ikaganda. Mji ambao katika kizazi kimoja tu ulikuwa umejifunza kutegemea makaa ya nchi ya mbali ukagundua maana ya kutokuwa nayo. Baada ya hapo mjadala wa chemchemi ukahamia kwenye vikao vya halmashauri.

1928–1930: keekee ya dhahabu

Mwaka 1928 keekee ilisimamishwa Laugardalur, palepale walipofulia wanawake. Ilikuwa imeletwa nchini miaka ya nyuma kutafuta dhahabu kwenye kinamasi cha Vatnsmýri, karibu na mji. Dhahabu ya kuchimbwa kwa faida haikupatikana, mashine ikabaki. Sasa ikatoboa visima 14, kirefu zaidi kikiwa na mita 246, na kwa jumla vikatoa lita 14 za maji kila sekunde yenye joto la nyuzi 87.

Ni kiasi kidogo, na namna kilivyogawanywa ndiyo iliyoamua mengi ya baadaye. Mji ulilaza bomba la kilomita 3, na mwaka 1930 jengo la kwanza kupata joto likawa shule ya msingi ya Austurbæjarskóli. Ikafuata hospitali ya taifa, bwawa la kuogelea la ndani, na nyumba zipatazo sitini za jirani. Watoto na wagonjwa walitangulizwa. Kwa kufanya hivyo halmashauri ilipata kitu ambacho hesabu za wahandisi haziwezi kutoa: maelfu ya wazazi ambao watoto wao walirudi nyumbani wakisimulia darasa lenye joto, huku nyumbani baba akihesabu magunia ya makaa. Siamini kwamba wapiga kura wa mji maskini wa watu wapatao 28,000 wangekubali kulipia mradi mkubwa uliofuata bila shule hiyo.

1933–1943: bomba na vita

Laugardalur haikutosha. Macho yakaelekezwa Reykir, kwenye bonde lile la mkulima wa 1908, na aliyeshikilia wazo hilo kwa nguvu zaidi ni Jón Þorláksson, mhandisi aliyesomea Copenhagen, aliyewahi kuwa waziri mkuu, na aliyekuwa meya kuanzia 1933. Hoja yake ilikuwa ya hesabu tupu: makaa yananunuliwa kwa fedha za kigeni kila mwaka bila mwisho, bali bomba linalipwa mara moja kisha linahudumia kizazi. Uchimbaji Reykir ulianza mwaka huohuo wa 1933. Jón alifariki mwaka 1935 akiwa bado meya, kazi ikiwa changa.

Kutafuta mkopo nje kulichukua miaka, maana mabenki ya Ulaya hayakuwa na hamu ya kuikopesha halmashauri ndogo kwa ajili ya teknolojia ambayo hayakuwahi kuiona. Hatimaye mwaka 1939 kampuni ya Denmark ya Højgaard & Schultz ikapewa kazi. Mitaro ikaanza kuchimbwa. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani ikaivamia Denmark, na vifaa vilivyokuwa Copenhagen vikanaswa huko. Mwezi uliofuata majeshi ya Uingereza yakatua Iceland yenyewe. Mitaa ya Reykjavík ikabaki imechimbuliwa, mabomba hayapo, na bei ya makaa ikapanda tena kama ilivyopanda katika vita vya kwanza.

Ingekuwa rahisi kufukia mitaro. Badala yake vifaa vilitafutwa upya, safari hii Marekani, vikavuka Atlantiki wakati manowari za Ujerumani zikiwinda meli za mizigo. Tarehe 30 Novemba 1943 nyumba ya kwanza ikaunganishwa na maji ya Reykir: Hnitbjörg, makazi na makumbusho ya mchongaji Einar Jónsson, juu ya kilima cha Skólavörðuholt. Katika mwaka uliofuata zaidi ya nyumba 2,000 zikaunganishwa.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka. Maji ya Reykir, karibu lita 200 kila sekunde, yalisukumwa na pampu kwa bomba la kilomita 15 na ushei hadi kwenye matangi juu ya kilima cha Öskjuhlíð. Kutoka hapo yalishuka mjini kwa uzito wake yenyewe, yakapita kwenye redieta, yakatumika jikoni na bafuni, yakaishia kwenye mifereji ya maji machafu. Usiku mji ukilala matangi yalijaa. Asubuhi watu wakiamka yalipungua. Ile akiba ya usiku ndiyo iliyoruhusu bomba la ukubwa wa wastani kuhudumia mji mzima.

Mafuta ya bei nafuu

Miaka thelathini baada ya hapo si ya ushindi mtupu. Reykjavík ilikua kwa kasi kuliko maji yake, na mafuta ya petroli yakawa rahisi. Mitaa mipya ikajengewa boila za mafuta. Mwaka 1958 serikali na mji walinunua kwa ubia mtambo mkubwa wa kuchimba, na visima vikaenda kina kirefu zaidi ndani ya mji wenyewe, huko Laugarnes na kandokando ya mto Elliðaár. Pampu zikateremshwa ndani ya visima kuvuta maji ambayo hayakuwa yakitoka yenyewe tena. Chemchemi za Laugardalur zikapungua, kisha zikakauka. Hiyo ni gharama halisi na sioni sababu ya kuificha: mahali ambapo historia yote hii ilianzia pamekuwa kumbukumbu tu, na sanamu ya mfuaji nguo iliyochongwa na Ásmundur Sveinsson imesimama hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu Reykjavík yote ilikuwa imeunganishwa. Nje ya mji mkuu hali ilikuwa tofauti kabisa. Karibu nusu ya Waiceland walikuwa bado wakipasha nyumba zao kwa mafuta.

1973

Mwaka huo ulifunguliwa kwa moto ukafungwa kwa uhaba. Usiku wa tarehe 23 Januari ardhi ilipasuka katika kisiwa cha Heimaey, pembeni mwa mji wa wavuvi wa Vestmannaeyjar, na watu wapatao 5,300 wakahamishwa usiku huohuo, wengi kwa mashua za uvuvi zilizokuwa bandarini. Lava ilipokuwa ikiikaribia bandari, waokoaji waliimwagia maji ya bahari kwa miezi kadhaa mpaka ikaganda. Watu waliporudi, wahandisi waliona kwamba lava ile ilikuwa ingali na moto ndani. Wakapitisha maji kwenye joto lake, na mji ukapasha nyumba zake moto kwa lava hiyohiyo iliyokuwa imezika sehemu ya nyumba hizo, mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1980 ilipopoa.

Oktoba ikaleta vita ya Mashariki ya Kati. Bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne katika miezi michache. Kwa familia za vijiji vya pwani za Iceland, gharama ya kupasha nyumba ikaanza kula mshahara.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo zima. Serikali haikuwaambia watu waokoe nishati kisha ikasubiri bei ishuke. Iliamua kwamba kila mji ulio na dalili ya joto chini yake utachimbiwa, na ikautumia Mfuko wa Nishati wa taifa kwa kanuni moja: halmashauri inakopa kuchimba; kisima kikitoa maji, inalipa; kikitoka kikavu, mkopo unageuka ruzuku. Kisima cha jotoardhi ni kamari yenye dau kubwa, na mji wa watu 800 hauwezi kucheza kamari hiyo peke yake. Taifa likabeba hasara, na miji ikabeba mabomba. Kutoka chemchemi kubwa ya Deildartunguhver likalazwa bomba la zaidi ya kilomita 60 hadi Borgarnes na Akranes. Svartsengi, kwenye rasi ya Reykjanes, ikaanza kutoa maji ya moto na umeme kwa pamoja. Mahali ambapo ardhi haikuwa na joto la kutosha, nyumba zilipewa umeme wa maporomoko ya maji. Katika muda wa miaka kumi na ushei mafuta yalikuwa yamebaki kwa wachache sana.

Kutoka maji hadi mvuke

Visima vya mjini vilipofikia ukomo, Reykjavík ilikwenda Nesjavellir, chini ya volkano ya Hengill, kilomita 27 kutoka mjini. Huko joto linazidi nyuzi 200, nalo lina taabu zake: majimaji yake yamebeba madini yanayoganda ndani ya bomba na gesi zinazolila. Suluhisho likawa kutoyaleta mjini kabisa. Maji safi baridi yanavutwa karibu na ziwa Þingvallavatn, yanapashwa na mvuke kupitia kuta za chuma bila kuchanganyika nao, yanaondolewa oksijeni, kisha yanasafiri. Kituo kilifunguliwa mwaka 1990, na maji yanapofika mjini yamepoteza nyuzi 2 hivi tu. Mwaka 1991 juu ya matangi ya Öskjuhlíð, kila moja likiwa na lita milioni 4, likafunguliwa jengo la kuba la kioo linaloitwa Perlan.

Hellisheiði ilifuata: umeme kuanzia 2006, maji ya moto kuanzia 2010. Ukubwa ulikuja na lawama zake. Gesi ya salfidi hidrojeni ilifika mjini na harufu ya mayai yaliyooza, na mwaka 2011 maji yaliyorudishwa ardhini yalizusha matetemeko yaliyowashtua wakazi wa Hveragerði. Palepale Hellisheiði, mradi wa Carbfix uliyeyusha kaboni dioksidi ya mtambo ndani ya maji na kuisukuma kwenye mwamba wa basalti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili.

Njia ya Olkaria

Mwaka 1979 Reykjavík ilianza kupokea wataalamu kutoka nchi nyingine kwa kozi ya jotoardhi ya miezi sita iliyoendeshwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Wakenya wamekuja kuwa wengi kuliko watu wa taifa lolote jingine waliopitia hapo. Nyumbani kazi iliwasubiri. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, karibu na Naivasha, vilichimbwa mwaka 1956 na havikuleta matunda, na ilichukua robo karne hadi mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipowashwa mwaka 1981. Leo jotoardhi hutoa asilimia 40 hivi ya umeme wa Kenya.

Mwaka 2008 Kenya iliunda kampuni ya umma ya GDC, kwa kazi ileile iliyofanywa na mfuko wa Iceland: kubeba hasara ya kuchimba kabla mwekezaji yeyote hajaingia. Tanzania ikaunda kampuni yake, TGDC, mwaka 2013, macho yakiwa Mbeya na kwingineko. Lakini joto lenyewe, tofauti na umeme, bado limetumika kidogo. Huko Eburru wakulima wamekausha pareto kwa mvuke tangu miaka ya 1930. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilipasha vibanda vya waridi kwa kisima kilichokodishwa. Huko Menengai, juu ya Nakuru, GDC ilijenga mahali pa kuonyesha kazi za joto: kuchemsha maziwa, mabwawa ya samaki, kibanda cha mboga na dobi. Hatuhitaji kupasha sebule zetu, ila hospitali, viwanda vya maziwa na vya chai vinachemsha maji kila siku kwa kuni na mafuta mazito, na baadhi viko kando ya ufa uleule.

Baridi ya 2022 na lava ya 2024

Desemba 2022 baridi kali ilidumu Reykjavík mpaka mabwawa ya kuogelea ya umma yakafungwa ili maji ya moto yatoshe majumbani. Kwa mji ambao mabwawa hayo ndiyo baraza lake, lilikuwa pigo. Idadi ya watu, hoteli na njia za miguu zenye mabomba ya kuyeyusha theluji ilikuwa imepita kasi ya visima vipya.

Tarehe 8 Februari 2024 lava kutoka mlipuko wa rasi ya Reykjanes ilivuka bomba kuu la Svartsengi na kulikata. Zaidi ya watu 20,000 wa Keflavík na miji jirani walikosa joto katikati ya majira ya baridi. Maduka yaliishiwa vifaa vya umeme vya kupashia vyumba moto, na watu wakaombwa kuvitumia kwa uangalifu ili waya za mitaa zisizidiwe. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana, bomba la kwanza la dharura likapasuka, wakaanza upya, na baada ya siku chache maji yakarudi. Tangu hapo mabomba yanayopita kwenye njia ya lava yamefukiwa, na visima vya akiba vimeanza kutafutwa mahali pengine kwenye rasi, mbali na Svartsengi.